HOTUBA: WATOTO WA UMWE NA ANGA WANALOLIONA

(Ifuatayo ni hotuba iliyotolewa Umwe, Rufiji, mbele ya watumishi wa Serikali, wazazi na wanafunzi, katika maonyesho ya michoro ya watoto kuhusu anga.)



Mwaka 1999 Umoja wa Mataifa uliitenga wiki ya tarehe 4 hadi 10 Oktoba ya kila mwaka kuwa Wiki ya Anga za Juu Duniani. Sisi tumeiadhimisha kwa karatasi na penseli za rangi, na hivyo vimetosha.

Michoro mingi niliyoiona inaonyesha mwezi mwandamo umesimama wima, kama unavyochapishwa katika vitabu vya nchi za mbali. Mchoro mmoja unauonyesha umelala chali kama mtumbwi. Mtoto huyo alitoka nje akatazama. Huku kwetu, karibu na Ikweta, mwezi mwandamo aghalabu hulala hivyo. Nawaomba walimu wasimsahihishe.

Elimu ya anga si ngeni hapa. Wavuvi na manahodha wa delta wanajua kwamba mwezi ukiandama au ukipevuka, maji huwa ya bamvua. Ukiwa nusu, huwa maji mafu. Wakulima nao wameachiwa na wahenga usemi kwamba Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Inafaa kila mtoto amwulize babu yake, kisha achore alichoambiwa, kabla elimu hiyo haijaondoka na wenyewe.

Ndugu wananchi, tarehe 1 Septemba 2016, karibu na saa sita mchana, jua lilipatwa kusini mwa nchi yetu. Wengi walikusanyika Rujewa, wilayani Mbarali, wakaona pete ya mwanga kwa muda wa dakika tatu hivi. Huku Rufiji pete haikuonekana, ingawa sehemu kubwa ya jua ilifunikwa.

Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa tena, na hapa Tanzania litaonekana limemegwa. Tujiandae mapema. Kulitazama jua kwa macho matupu, kwa miwani ya kawaida au kwa kioo kilichopakwa masizi ni hatari: jicho huungua ndani bila maumivu, na huenda lisipone. Kuwafungia watoto ndani nako kutawanyima somo. Iko njia isiyo na gharama. Wasimame chini ya mwembe, wakilipa jua kisogo, watazame ardhini: kila tundu dogo la mwanga kati ya majani litachora jua lililomegwa. Watandaze karatasi pale pale, wafuatishe kwa penseli.

Michoro hiyo ndiyo ninayotarajia kuiona katika maonyesho yatakayofuata siku hiyo, ikiletwa na watoto wenye macho mazima.