Ishara, Setilaiti na Jina la Mwenye Kifaa



Januari 1997, mashua ya Mwingereza Tony Bullimore ilipinduka katika Bahari ya Kusini, zaidi ya kilomita 2,000 kutoka Australia. Alikuwa peke yake, akishindana kuizunguka dunia kwa tanga. Kwa siku kadhaa alikaa gizani ndani ya mashua iliyogeuka juu chini, maji ya barafu yakimzunguka. Kifaa chake cha ishara ya dharura ndicho kilichozielekeza ndege za Australia mahali pale. Tarehe 9, mabaharia wa manowari Adelaide waliligonga tumbo la mashua, naye akapiga mbizi akatoka, hai. Manowari hiyo hiyo ilimwokoa pia mshindani mwenzake, Mfaransa Thierry Dubois.

Setilaiti iliyopokea ishara hiyo ilijuaje alipo? Simama kando ya barabara kuu usikilize honi ya basi: likija, mlio ni mwembamba, likishakupita, unakuwa mnene. Setilaiti inayopita juu ya kifaa hupokea masafa yake kwa namna hiyo, yakiwa juu zaidi inapokikaribia na chini zaidi inapokiacha. Wakati wa badiliko huonyesha setilaiti ilikuwa wapi ilipokikaribia zaidi. Ukali wa badiliko huonyesha kifaa kiko umbali gani kutoka njia yake. Bado hubaki swali la kulia au kushoto, ambalo mzunguko wa dunia na setilaiti inayofuata husaidia kulijibu. Kwa hesabu hiyo tu, eneo la kusakwa hubaki la kilomita chache. Vifaa vingi vya leo huongeza viwianishi vya GPS, na kosa likapungua zaidi.

Mfumo huu, Cospas-Sarsat, ulibuniwa na Marekani, Kanada, Ufaransa na Muungano wa Kisovieti katikati ya Vita Baridi. Setilaiti ya kwanza ilirushwa Juni 1982. Septemba 10 mwaka huo huo, watu watatu wa ndege ndogo iliyoanguka Kanada waliokolewa. Kwangu mimi, ni miongoni mwa kazi njema kabisa za mataifa yale yaliyohasimiana.

Lakini nataka tukae kwenye jambo linalopuuzwa: kusajili kifaa kwa jina la mwenyewe. Vifaa vya zamani, vya megahezi 121.5, vilitoa mlio usio na jina, na setilaiti ziliacha kuvisikiliza Februari 1, 2009. Vya megahezi 406 hutuma namba ya utambulisho pamoja na tarakimu za nchi: 634 Kenya, 675 Uganda, 674 au 677 Tanzania. Tahadhari nyingi zinazopokelewa ni za bahati mbaya, kifaa kimeguswa au kimeanguka. Kikiwa kimesajiliwa, mlinzi wa zamu katika kituo cha uokoaji hupiga simu moja akajua kama ni ajali kweli, chombo ni cha namna gani na kimebeba watu wangapi. Kisiposajiliwa, ana namba tupu mkononi huku mtu akizama.

Kwa hiyo nawaomba wenye boti, marubani na wakwea milima: sajilini vifaa vyenu, badilisheni namba ya simu inapobadilika, na kagueni tarehe ya betri kabla ya safari. Kwa nchi isiyo na daftari lake la usajili, lipo la kimataifa la Cospas-Sarsat, na halitozi ada.