Bahari Inapokupwa: Kupanga Picha za Viwanja na Nyumba Mtandaoni, Pwani ya Kilwa na Lindi



Miaka michache iliyopita nilipiga picha za kiwanja kimoja kaskazini mwa mji wa Lindi. Nilifika saa kumi jioni, jua likiwa mgongoni, maji yamejaa hadi karibu na minazi. Tukaandika: kiwanja kinagusa maji. Mama mmoja anayeishi Muscat akakipenda, akamtuma mdogo wake kutoka Dar es Salaam aje kukagua. Kijana alifika saa nne asubuhi. Mbele yake palikuwa na tope, mwani, na wanawake wakichokoa pweza mbali kule kwenye mwamba. Akapiga simu: "Dada, hapa hakuna bahari."

Neno lile limenikaa moyoni, na ndilo lililonileta hapa. Picha yangu haikusema uongo, lakini ilisema nusu ya siku. Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa hufika mita tatu na zaidi. Siku hizo maji hupwa takriban saa nne asubuhi na kujaa takriban saa kumi jioni. Kwa kuwa sehemu kubwa ya pwani hii inatazama mashariki, jua la saa kumi humulika ufuko likitokea nyuma ya mpiga picha. Nuru nzuri na maji mengi huja pamoja, nasi sote, madalali na mafundi wa tovuti, tunakimbilia saa hiyohiyo. Mnunuzi aliye mbali hana mtu wa kumwambia kwamba kuna saa nne.

Kwa hiyo naomba kitu cha kwanza ambacho mtazamaji anaweza kukigusa kwenye tovuti zetu kiwe maji. Chagua siku ya bamvua, wala si ya maji mafu, maana maji mafu huficha tofauti. Simamisha stendi ya kamera, tia alama ardhini, piga saa nne. Rudi saa kumi, piga kutoka palepale, kwa urefu uleule. Tovuti ilaze picha mbili hizo moja juu ya nyingine, katikati uwepo mstari ambao mtu anauburuta kwa kidole: kushoto bahari imejaa, kulia imekupwa. Chini yake iandikwe tarehe na saa.

Juu ya picha hiyohiyo uongezwe mstari mwingine. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Mnunuzi akigusa kitufe, auone mstari huo umepita wapi, na auone ukuta aliokuwa akiuota umeangukia upande gani. Upimwe na mpima ardhi. Fundi wa tovuti asiukisie.

Kazi ya namna hii si ngeni kwetu. Mwaka 2020 Google na shirika la CyArk walionyesha magofu ya Kilwa Kisiwani mtandaoni kwa maumbo ya pande tatu, wakieleza jinsi bahari inavyoyala. Mtu wa nchi ya mbali anaweza kuizunguka ngome ya kale ya kisiwa hicho, iitwayo Gereza, akiwa kitini pake, ilhali nyumba inayouzwa Kilwa Masoko, ng'ambo tu ya mlango wa bahari, ina picha mbili zenye giza na moja ya geti. Hili linaniuma. Pannellum, programu ya bure, inaonyesha picha ya mzunguko wa digrii 360 ndani ya kivinjari cha kawaida, na inakubali alama za kugusa: hapa kisima, hapa jiwe la mpaka.

Lakini tusimlipishe mtazamaji bando lake bure. Picha moja ya simu ya leo huweza kufika megabaiti nne. Kumi ni arobaini. Zipunguzwe hadi upana wa pikseli 1,200, na kila moja ipakuliwe pale tu kidole kinapoifikia. Picha ya mzunguko isubiri kuguswa, isijifungue yenyewe. Na kabla ya kupandisha picha yoyote, futeni taarifa za mahali ambazo simu huzificha ndani ya faili. Wako watu wanaolala katika nyumba hizo.

Pigeni pia picha ya barabara wakati wa masika. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipofika, maji yaliikata barabara kuu ya Dar es Salaam na Lindi eneo la Somanga. Mnunuzi anastahili kuiona njia ikiwa na tope, kama anavyoiona kavu.

Kiwanja kile cha Lindi bado hakijauzwa. Bamvua iliyopita nilirudi na stendi, nikapiga saa nne, nikapiga saa kumi. Mama wa Muscat nimemtumia kiungo. Sasa naomba kila mmoja wetu akifungue kwenye simu yake, kwa bando lake mwenyewe, tuhesabu sekunde hadi bahari itokee.