HOTUBA: MAREHEMU BIBI HALIMA KHALIF, ALIYEITWA MAGOOL



Kwa wenyeji wa Garissa, Wajir na Mandera hapana haja kubwa ya kueleza Magool alikuwa nani. Lakini Garissa ni mji wenye wageni wengi pia, watu wa Ukambani, wa Meru na wa Pwani, ambao wamekwisha kuisikia sauti ile ikitoka dukani au ndani ya lori, wakaipenda bila ya kumjua mwenyewe. Maneno haya ni kwa ajili yao kwanza, kisha kwa vijana.

Jina lake alilopewa na wazazi ni Halima Khalif Omar. Alizaliwa mwaka wa 1948 huko Dhusamareb, mji ulio katikati ya nchi ya Somalia, katika nyumba ya watu walioshika dini sana. Jina la Magool alilipata katika kazi yake, na kwa Kisomali maana yake ni ua linaloanza kuchanua. Baadaye watu walimpa jina jingine, Hooyadii Fanka, yaani mama wa sanaa.

Si jambo dogo binti wa nyumba ya namna ile kusimama mbele ya watu na kuimba. Nyimbo za mtindo huo zilikuwa bado ngeni. Zilianza katika miaka ya 1940 upande wa Borama, nazo hutajwa pamoja na jina la Abdi Sinimo, dereva wa lori. Husimuliwa kwamba lori lake liliharibika njiani, na alipokuwa akihangaika nalo beti fupi za mapenzi zikamtoka kinywani. (Madereva wanaolala na magari yao katika mchanga wa njia ya Wajir hawatashangaa kusikia hayo.) Beti hizo ziliitwa belwo. Masheikh wengi walizikemea, na mwanamke aliyeziimba alikemewa mara mbili. Kwa hiyo Bibi Halima alipoingia katika kazi hii alijua vema atakavyosemwa. Watu walioona haya kumwoza binti yao kwa mwimbaji hawakuona haya kukesha wakimsikiliza Magool.

Jambo moja lafaa lifahamike sana. Lugha ya Kisomali haikuwa na maandishi rasmi mpaka mwaka wa 1972. Kabla ya hapo shairi lilikaa katika kumbukumbu za watu, na baadaye katika redio. Redio ya Hargeisa ilianza mwaka wa 1943, ya Mogadishu mwaka wa 1951, na idhaa ya Kisomali ya BBC kutoka London mwaka wa 1957. Mchunga ngamia asiyejua hata herufi moja aliweza kuyapokea maneno ya mshairi aliyekuwa mbali naye mwendo wa siku nyingi, ilimradi pawepo redio moja katika duka la chai. Sauti ya Magool ilipita katika mlango huo. Nyimbo zake za mapenzi, za dini na za nchi zilivuka mpaka bila ya kuulizwa hati.

Na hapa pana jambo zito, ambalo si haki kulificha. Mwaka wa 1977 Somalia na Ethiopia zilipopigana vita vya Ogaden, Magool aliimba nyimbo za kuwatia moyo askari wa Somalia, na sifa zake zikazidi. Upande huu wa mpaka nyimbo hizo hazikusikika kwa moyo mmoja. Jimbo la Kaskazini Mashariki lilikuwa limekwisha kuonja vita vyake lenyewe toka mwaka wa 1963 hata 1967, na hali ya hatari iliyotangazwa mwisho wa mwaka wa 1963 haikuondolewa ila mwaka wa 1991. Katika miaka hiyo wimbo wa kusifu jeshi la jirani ulikuwa jambo la kuangaliwa sana, na yeyote aliyekwisha kuzika nduguye hakupenda kukumbushwa bunduki.

Lakini mwanamke huyo huyo aliyeisaidia serikali kwa sauti yake hakukubali kuwa mali yake. Vita vilipokwisha kwa kushindwa mwaka wa 1978, aliukosoa utawala wa Jenerali Siad Barre, akaihama nchi, akaishi ugenini kwa muda wa miaka ipatayo kumi. Mwimbaji akiondolewa katikati ya wasemao lugha yake huwa kama mvuvi aliyehamishiwa Wajir. Aliporudi mwaka wa 1987 Siad Barre alikuwa angali akitawala, na husemwa kuwa watu zaidi ya 15,000 walikusanyika Mogadishu kumsikiliza. Hawakulazimishwa na mtu. Miaka minne baadaye utawala ule ulianguka, na maelfu kwa maelfu ya watu waliokuwa wakimsikiliza wakafika Dadaab wakiwa wakimbizi.

Bibi Halima alifariki dunia Amsterdam, katika nchi ya Uholanzi, tarehe 19 Machi 2004.

Sasa kuhusu nyimbo zenyewe. Mwaka wa 1988, ndege za serikali ya Somalia zilipoupiga mabomu mji wa Hargeisa, kanda nyingi za redio ya huko zilisalimika kwa kuwa watu walizifukia ardhini na kuzipeleka mahali pa salama. Garissa haikupigwa mabomu, lakini joto na vumbi huharibu kanda polepole, na hapana anayeona. Wako wazee hapa mjini wenye masanduku ya kaseti chini ya vitanda. Mwenye nazo na aziweke mbali na jua na mbali na jiko, azisimamishe wima badala ya kuzilundika, na azipeleke kwa kijana ajuaye kuzihamishia katika kompyuta kabla hazijanata. Na juu ya kila moja aandike, pamoja na jina la Magool, jina la mshairi aliyeyatunga maneno. Maana kwa desturi ya Wasomali kulisoma shairi la mtu bila ya kumtaja ni wizi, na majina hayo yamo katika vichwa vya wazee tu.