Kazi ya Uzeeni na Siku ya Kupumzika
(Hotuba ya Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Garsen)



Najua si desturi kijana asiyetimiza miaka arobaini kusimama mbele ya wazee na kuwaeleza habari za uzee. Lakini kalamu ya Chama imo mkononi mwangu, nami ndiye ninayejiwa na wenye kustaafu, wameshika karatasi zao, nyingine zimelowa maji ya mto. Kwa hiyo naomba radhi kwanza, kisha niseme.

Mwaka 2018 alinijia mwanachama mmoja, fundi wa pampu. Kwa kauli ya mama yake, alizaliwa mwaka wa yale mafuriko makubwa, yaani 1961. Kipande chake kilisema 1958, kwa kuwa aliyemwandikisha alimtazama uso akakisia. Basi akahesabiwa ametimiza miaka 60, akaondoshwa kazini, na nguvu anazo, na mtoto wake wa mwisho yumo kidato cha pili. Miaka mitatu ya mshahara ililiwa na tarakimu mbili. Yuko na mwingine ambaye kipande kimempunguzia umri: wenzake wa rika moja wanapokea shilingi 2,000 za Inua Jamii kila mwezi, fedha za waliofika miaka 70, naye angali akingoja.

Sisi wa Mto Tana twahesabu umri kwa mafuriko na kwa rika, na hesabu hiyo si ya uongo. Lakini ofisini haisomeki. Tangu mwaka 2009 watumishi wa Serikali hustaafu wakiwa na miaka 60 badala ya 55. Waajiri wengine hufuata mikataba yao. Mwenye kosa katika tarehe na alishughulikie mapema, angali na mashahidi walio hai. Atakayelileta mwaka wa mwisho ataonekana mwenye hila, hata akiwa mkweli.

Jambo la pili ni fedha. Kwa miaka mingi mchango wa NSSF ulikuwa shilingi 200 kwa mwezi, na mwajiri 200. Piga hesabu: miaka 20 ni shilingi 96,000 kabla ya riba. Fedha hizo hazijengi nyumba ya maana. Tangu Februari 2023 mchango ni asilimia 6 kwa kila upande, kwa mipaka iliyowekwa, na hilo litawafaa vijana kuliko ninyi. Tena Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa mfanyakazi haki ya cheti cha utumishi aondokapo. Na asiye katika NSSF wala mpango wa pensheni anastahili malipo kwa kila mwaka aliotumika. Msiondoke kwa kupeana mikono tu.

Lakini kustaafu si fedha peke yake. Mtu wa miaka 57 hapaswi kubeba pampu begani. Yampasa kukaa na kijana amfundishe jinsi mto unavyohama, na tuta lipi huvunjika kwanza. Waliokuwapo mafuriko ya 1997 yalipouharibu mradi wa mpunga wa Delta wanajua mambo ambayo hayamo katika ramani yoyote. Naomba Kamati iwaendee waajiri wetu, iwasihi wawape wazee kazi nyepesi ya kufundisha miaka yao mitatu ya mwisho, bila kupunguza mshahara. Wakikataa, tumeomba.

Na kila mwenye miaka 55 apande miembe sasa, ardhi ya juu isiyofikiwa na maji. Itakuwa inazaa siku atakaporudi nyumbani.

Nimenunua daftari. Jumamosi hii, baada ya swala ya adhuhuri, nitakuwa ofisini mpaka jioni. Leteni vipande, barua za kuajiriwa na hati za mishahara, hata zilizochanika. Na anayejua mwaka wa kuzaliwa wa mwenzake aje naye, maana tutaandika majina ya mashahidi.