Dawa si Peremende
(Hotuba kwenye mkutano wa ukoo, Hagsätra, Stockholm)



Nimeombwa niseme machache juu ya usalama wa watoto nyumbani. Wahenga walinena kwamba mtoto akililia wembe apewe. Kwa heshima zote, naomba usia huo usifike kwenye dawa na sumu, kwani mtoto wa miaka miwili huenda asipate nafasi ya pili ya kujifunza.

Kwetu pwani, hatari tunayoijua sote ni mafuta ya taa yaliyotiwa katika chupa ya soda. Huku Uswidi ni sabuni ya mashine ya kuoshea vyombo, tumbaku ya mdomoni iitwayo snus, na vidonge vya bibi vilivyomo mkobani. Kwa hiyo mgeni akifika, mkoba wake na uwekwe juu. Dawa zilizobaki zirudishwe duka la dawa, wala zisitupwe kwenye taka.

Wajukuu zetu wa Uingereza na Marekani wakiliona neno “gift” watadhani ni zawadi. Kwa Kiswidi neno hilo ni sumu. Tena ndilo hilo hilo limaanishalo mtu aliyeoa au kuolewa! Wazee na wacheke, lakini watoto wafundishwe.

Tuwafundishe nini? Kwamba usichokijua usikionje, bali muulize mtu mzima. Nasi tusiiite dawa peremende ili mtoto aimeze. Siku akiwa peke yake ataitafuta. Hata hivyo, funzo pekee halitoshi: kabati na lifungwe kwa ufunguo.

Ajali ikitokea, msimtapishe mtoto. Mafuta ya taa yakipanda huweza kuingia mapafuni, na sabuni kali huunguza koo mara ya pili. Wala msingoje dalili: aliyemeza paracetamol nyingi huweza kuonekana mzima siku nzima, ilhali ini linadhurika. Hapa Uswidi pigeni 112, muombe “Giftinformation”; kituo hicho hujibu usiku na mchana. Kwa swali lisilo la dharura, namba ni 010-456 67 00. Ninyi wa nchi nyingine, andikeni namba ya kwenu mlangoni mwa jokofu kabla haijahitajika.

Mola atulindie vizazi vyetu.