Baada ya Kipaimara, Waende Wapi?

Hotuba ya Katibu wa Kwaya, Sherehe ya Jubilii ya Miaka 50



Mwenyekiti ametusimulia tulikotoka, na mweka hazina atatusomea hesabu. Mimi nimepewa dakika chache nizungumze juu ya vijana. Nimezipokea kwa furaha, maana mimi ni mwalimu na siku zangu nyingi hupita darasani pamoja nao.

Tukisoma Mambo ya Walawi sura ya 25, tunaona kwamba jubilii ilikuwa na kazi yake. Mwaka wa 50 baragumu ilipigwa, watumwa wakaachwa huru, na shamba lililouzwa likarudi kwa jamaa ya mwenyewe. Kila mtu alirudishiwa urithi wake. Basi nauliza: vijana wetu wana urithi gani katika kanisa hili, na nani ameushika?

Sisi Walutheri tuna jibu la zamani. Mwaka wa 1528 Martin Luther alizuru makanisa ya Saxony, akakuta Wakristo wengi hawajui hata Sala ya Bwana. Mwaka uliofuata, 1529, akatoa Katekisimu Ndogo, yenye maswali mafupi na majibu yake, ili baba wa nyumba aweze kuwafundisha walio nyumbani mwake. Kazi ile aliianzia nyumbani.

Kabla ya hapo, mwaka wa 1524, alikuwa amewaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani akiwasihi wafungue shule, na wasichana hakuwasahau. Mwaka huohuo Johann Walter alichapisha huko Wittenberg kitabu cha nyimbo za kanisa zilizopangwa kwa sauti. Luther aliandika dibaji yake, akaeleza kwamba alitaka vijana wapate kitu chema cha kuimba badala ya nyimbo za mapenzi. Wanakwaya wenzangu, hebu tutafakari hilo. Kuimba kwa sauti mbalimbali katika kanisa la Kilutheri kuliingia mapema sana, na vijana ndio waliofikiriwa.

Hata hapa Kenya ni hivyo. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Sweden walianza kazi Itierio, Kisii, mwaka wa 1948, na pamoja na kanisa pakawa na shule. Wazee wetu wengi walijifunza kusoma na kuomba mahali pamoja.

Sasa tutazame hali yetu. Siku ya kipaimara kanisa hujaa. Vijana huvaa kanzu nyeupe, picha hupigwa, na nyumbani kuku huchinjwa. Miezi michache baadaye viti vyao viko wazi. Wengine wameenda shule za bweni, na huko ratiba ina kipindi cha PPI kila wiki, ambapo kanisa linaruhusiwa kuingia na kufundisha. Asipofika mtu, kipindi hicho hugeuka kuwa cha hesabu. Wengine wako hapahapa kijijini, lakini hawana nauli ya kuja mazoezini. Wengine wamefika, wakaambiwa wasubiri wakue. Kijana anayesubiri mlangoni huona mlango mwingine uliofunguliwa.

Ndiyo maana kamati yenu inaleta ombi: nusu ya sadaka ya jubilii itengwe kwa ajili ya huduma ya vijana. Najua wapo wanaosema kinanda kipya kije kwanza, na hoja yao ni ya haki. Kinanda chetu kimezeeka. Sote tunaisikia ile noti inayokwama katikati ya wimbo. Lakini kinanda kinaweza kungoja mwaka mmoja. Mtoto wa miaka 14 hangoji. Mwakani atakuwa na 15, na atakuwa na marafiki wengine. Udongo uwahi ungali maji.

Fedha hizo zitafanya mambo mawili. Zitanunua Biblia na Katekisimu kwa darasa la kipaimara, na kulipa nauli ya wanaojitolea kwenda kufundisha PPI katika shule zilizo karibu nasi. Pia zitaandaa kambi wakati wa likizo ya Aprili, Agosti na Desemba, wanafunzi wa bweni wakiwa nyumbani. Kila kambi iwe na walezi wa kike na wa kiume, na kila mzazi ajue mtoto wake yuko wapi na yuko na nani.

Yapo pia mambo mawili yasiyohitaji fedha. La kwanza ni letu wanakwaya. Kijana akipata kipaimara Jumapili, Jumamosi inayofuata apate nafasi mazoezini, na mtu mzima mmoja wa sauti yake amtembee naye: amuulize habari za shule, amwombee, na asipomwona wiki mbili ampigie simu. Mwana hutazama kisogo cha nina. Watatuimbia tunavyoimba, na wataishi tunavyoishi.

La pili ni la wazazi. Kila jioni, kabla ya taarifa ya saa moja, ulizeni swali moja tu la Katekisimu. Msiogope ikiwa jibu mmelisahau. Lisomeni pamoja na watoto.

Vijana wapendwa, ninyi ni kanisa la leo. Paulo alimwambia Timotheo asikubali kudharauliwa kwa sababu ya ujana wake, ila awe kielelezo. Nasi tunawangoja Jumamosi saa nane.

Bahasha imo katikati ya kitabu hiki. Mkutano mkuu ndio utakaoamua juu ya ombi letu. Naomba kila mwanachama afike na apige kura huku akimkumbuka kijana mmoja anayemjua kwa jina.

Mungu awabariki.

Katibu wa Kwaya