Chuo Kikuu na Tope la Mabwawa Yetu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanafunzi na wahitimu wa shule, siku ya mkutano wa mwaka)



Kamati imeniomba nieleze jinsi vyuo vikuu vinavyoishauri Serikali. Jambo hilo ni pana, na sisi watumishi wa Serikali tukiachiwa jambo pana twaweza kusema mpaka chakula kikapoa. Kwa hiyo nitashika ofisi moja tu ya utafiti, na katika kazi zake nyingi nitashika ile inayotuhusu sana sisi wa Dodoma, yaani udongo.

Ofisi hiyo ilianzishwa mwaka 1967 katika Chuo cha Dar es Salaam, ambacho wakati huo kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Wazee mliopo hapa mliijua kwa jina la kifupi, BRALUP. Tangu 1983 imekuwa Taasisi ya Tathmini ya Rasilimali, na ipo hadi leo. Mwaka ule 1967 ndio wa Azimio la Arusha, na ndio wa sensa ya kwanza baada ya uhuru, iliyohesabu watu wapatao milioni 12.3. (Sensa ya 2022 imehesabu milioni 61.7, na ardhi haikuongezeka hata hatua moja.) Serikali ilikuwa na mipango mingi na wataalamu wachache. Ilihitaji watu wa kuiambia mvua inanyesha wapi, watu wanaishi wapi, na ardhi ipi inachoka.

Kati ya 1968 na 1972 watafiti wa Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Uppsala huko Sweden, walipima mmomonyoko wa ardhi katika sehemu kadhaa za nchi. Hapa Dodoma walikwenda kwenye mabwawa, likiwamo la Ikowa na la Matumbulu. Hawakuuliza bwawa liligharimu kiasi gani. Walipima kina chake, wakalinganisha na hali ya siku lilipojengwa, wakapata kiasi cha tope lililoingia. Walichokiona ni kwamba mabwawa yale yalikuwa yakijaa udongo haraka sana, na umri wake ungehesabiwa kwa miongo michache tu. Udongo ule ulikuwa umetoka katika mashamba na malisho ya watu wale wale waliojengewa bwawa.

Kule Mgeta, katika milima ya Uluguru, tarehe 23 Februari 1970 mvua ya kiasi cha milimita 100 ilinyesha kwa muda usiofika saa tatu. Watafiti walikwenda wakakuta maporomoko ya ardhi zaidi ya elfu moja. Wakayafuatilia yalikoanzia. Karibu yote yalianza katika mashamba na nyika ya majani. Yaliyoanza msituni hayakufika moja katika kila mia. Wadogo zangu, mtu aweza kuhutubia juu ya miti kutwa nzima asiseme neno lenye uzito kama hesabu hiyo.

Sasa niseme tofauti yao na sisi. Ofisini kwetu swali la kwanza ni kama fedha zimetumika, na la pili ni kama zimetumika kwa kazi iliyoandikwa. Maswali hayo ni ya haki, kwa maana fedha ni za wananchi. Lakini bwawa likishafunguliwa na kupigwa picha, faili hufungwa. Hakuna kijisanduku katika fomu zetu cha kuuliza baada ya miaka kumi limebaki na maji kiasi gani. Mtu wa chuo kikuu hulipwa ili aulize hilo.

Wala nisiwapambe mno. Taarifa zao nyingi ziliandikwa kwa Kiingereza, zikakaa katika maktaba ambako mkulima hafiki. Na kujua udongo unakwenda wapi si sawa na kujua mtu atakula nini ukimzuia. Mtazame Kondoa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973. Mwaka 1979 mifugo ipatayo 90,000 iliondolewa katika eneo lililoharibika la kilomita za mraba zaidi ya 1,200. Majani yakarudi, makorongo yakaanza kutulia. Lakini maziwa na samadi navyo viliondoka na ng'ombe. Watafiti wa Dar es Salaam na wa Stockholm walirudi huko miaka ya baadaye, na safari hii waliongea na wenye nyumba pia, si kupima makorongo peke yake. Kuanzia mwaka 1989 ng'ombe wa maziwa walianza kurudishwa kwa masharti ya kufugwa zizini. Kwangu mimi kule kurudi ndiko kulikokuwa kazi bora kuliko ile ya kwanza.

Nimeyasema haya kwa sababu mwaka huu limefika mezani kwangu faili la bwawa la mifugo. Bonde lililochaguliwa liko chini ya mashamba ya miteremko. Makadirio yana saruji, yana mitambo, yana posho. Tope halimo hata kwa mstari mmoja. Nimelirudisha lipimwe kwanza. Diwani wa huko amenipigia simu akaniambia, "Bwana Mipango, ng'ombe hawanywi utafiti." Ana haki ya kukasirika, maana wafugaji wake hutembea na mifugo usiku kucha kutafuta maji. Tena fedha zisipotumika ifikapo tarehe 30 Juni zarudi Hazina, na nani ajuaye zitatoka lini tena? Sina miaka minne kama wale wa 1968.

Nimemwandikia mtafiti mmoja niliyesoma naye chuoni. Amenijibu kwamba kuna njia ya mkato. Katika bonde la jirani lipo lambo kuukuu, na wakati huu limekauka. Tukichimba mashimo mpaka tufikie sakafu ya zamani, tutapima unene wa tope, tuugawe kwa miaka ya lambo, na tutakuwa na makadirio ya kuanzia. Ikionekana bwawa jipya litajaa upesi, fedha zile zile zaweza kuanza na matuta juu ya miteremko, au bonde libadilishwe.

Mkuu wa Shule amekubali kunipa wanafunzi kumi na wawili wa Jiografia wa kidato cha tano na cha sita. Gari litaondoka hapa Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi. Majembe na futi za kupimia nitaleta mimi. Ninyi njoni na madaftari na maji ya kunywa, maana kule hakuna.